Chekeche la Taifa na Jiwe Lake

Kwanza niseme kwamba mimi si mtu wa kushuku. Ningekuwa mtu wa kushuku nisingepewa kazi hii, maana Wizara ya Vipimo na Ukubwa haiajiri watu wa aina hiyo. Ikiwagundua huwapa likizo ndefu, na hakuna anayeuliza wameenda kupumzikia wapi. Mimi ndiye Mtikisaji wa Chekeche la Taifa. Nchi yenyewe sitaitaja jina, si kwa woga, la hasha, bali kwa kuwa kuitaja kunahitaji kibali, na ofisi ya vibali imefungwa kwa ajili ya semina ya uadilifu.

Wageni huuliza chekeche ni la nini. Chekeche ndiyo sheria yetu. Mwasisi wa nchi, alipokwisha kupata madaraka na kabla hajajua ayafanyie nini, aliingia jikoni kwa mama mkwe wake, jambo ambalo mkwe mwenye adabu halifanyi, lakini yeye tayari alikuwa Mwasisi. Akamkuta bibi yule anachekecha unga wa maandazi. Unga mzuri ulishuka chini, chenga na wadudu wakabaki juu.

"Kinachopita ni nini, mama?" Mwasisi akauliza.

"Kinachopita ndicho kizuri, baba," mama mkwe akajibu, bila kuinua macho, maana mafuta yalikuwa yanaungua. "Kinachobaki tunawatupia kuku. Naomba unipishe hapo mlangoni."

Mwasisi akatoka jikoni analia kwa furaha. Kesho yake Katiba ikawa tayari, na ilikuwa na kifungu kimoja: kinachopita ni safi, kinachobaki ni uchafu. Ile sehemu ya kupisha mlangoni haikuingizwa.

Sheria nzuri haikosi maudhi madogo. Mchele haukupita, ukapigwa marufuku, tukawa tunausaga kwanza. Kwenye harusi watu walikunywa uji wa pilau na kusifu mpishi. Maharage yalihitaji kibali. Embe liliuzwa kwa siri chini ya khanga, na muuzaji alinong'ona kama anauza bangi. Vidonge vya hospitali vilibaki juu ya chekeche vikatupiwa kuku, na kwa kweli kuku wa nchi yetu wana afya kuliko sisi. Waliolalamika walikalishwa juu ya chekeche, na kwa kuwa hawakupita, ilithibitika kwamba walikuwa uchafu tangu hapo.

*

Mwekezaji alikuja na tabasamu na glavu. Jina hakuwa nalo. Mtu akishakuwa Mwekezaji jina la nini tena? Alijenga kiwanda katika mtaa wa Mikoroshini, akaanza kutengeneza unga mweupe unaoitwa Nuru. Ukiutia kwenye rangi, ukuta unang'aa. Ukiutia kwenye dawa ya meno, meno yanang'aa. Ukiutia kwenye sukari ya kupambia keki, keki inang'aa hata kama imechacha. Alitueleza kwamba siri yake ni udogo wa punje. Chukua unywele, akasema, uupasue kwa unene wake vipande zaidi ya elfu. Kipande kimoja ndiyo punje ya Nuru. Punje ikiwa kubwa ni unga tu kama unga mwingine, lakini ikiwa ndogo kiasi hicho inageuka tabia. Inafanya mambo ambayo kubwa haifanyi, inapenya mahali ambapo kubwa haipenyi.

"Inapenya wapi?" nikamuuliza.

"Sokoni," akajibu.

Siku ya kuupima unga ule ukumbi ulijaa. Alikuwepo Waziri wetu, Mheshimiwa Lugendo, mtu mnene mwenye sauti nene, na Profesa Zimbwe, Mshauri Mkuu wa Serikali kwa Mambo Yasiyoeleweka. Nikaumimina unga, nikashika chekeche vizuri nianze kutikisa. Unga ulipita kabla sijatikisa. Ulipita chekeche, ukapita kitambaa tulichotandika chini, na uliobaki ukapanda hewani ukaenda zake. Safu tatu za mbele zikapiga chafya. Kumbukumbu za kikao zinaonyesha kwamba wajumbe walishangilia.

"Umepita!" Waziri akanguruma. "Umepita mpaka umepitiliza! Tangu nchi hii iwe nchi, hakijatokea kitu safi namna hii." Hapo hapo tukatunga daraja jipya, Safi Kupita Kiasi, na mimi nikapewa muhuri wake.

Mimi si mtu wa kushuku, lakini macho ninayo. Niliona Mwekezaji amekaa nyuma ya kioo, anatupungia mkono. Niliona Profesa amehamisha kiti chake upande ule upepo unakotoka. Waziri naye alihutubia na leso puani mwanzo hadi mwisho. Alisema ni mafua, na mafua yale yalikuwa ya ajabu, yakimshika kila akikaribia gunia na kumwacha akifika kwenye gari. Baadaye nilipita mbele ya nyumba yake, nikakuta imepakwa chokaa ya kawaida kabisa. Nikajisemea labda hapendi makuu.

*

Bi. Somoe alikuja dirishani kwangu asubuhi moja akiwa na shuka kwapani. Nilimfahamu kwa bagia zake, maana ana kibanda pale Mikoroshini, na bagia zikiwa za dengu zilizosagwa hazina tatizo na sheria.

"Hujambo, kaka."

"Sijambo, Bi. Somoe. Umetuletea nini leo?"

"Nimemleta mume wangu."

Nikachungulia nyuma yake. Hapakuwa na mtu.

"Yuko humu," akasema, akalikunjua shuka juu ya meza yangu. "Tamimu yuko chumba cha kufungashia Nuru. Akirudi anakohoa. Akikohoa, shuka linang'aa. Hebu tazama."

Nikatazama. Kweli, pale katikati lilikuwa linang'aa kama meno ya kwenye tangazo. Nikamwambia ni shuka zuri.

"Kaka, usinifanyie mzaha," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Yule mtu alikuwa anabeba gunia bega hili na gunia bega hili, huku anaimba. Leo akipanda ngazi mbili anakaa chini. Nimempeleka hospitali. Daktari kamsikiliza kifua, kisha kaniambia ugonjwa huu hauna jina kwenye orodha ya serikali, na ugonjwa usio na jina hauna kitanda. Nikamwendea Mwekezaji, nikamwomba amtoe kile chumba, hata afagie uwanja. Kasema Nuru ni kazi ya taifa, anayeiacha ni mtoro, na mtoro anajua anakopelekwa. Sasa mimi nataka jambo moja. Ule unga uitwe unavyostahili kuitwa. Isemwe kwamba ni punje, kwamba zipo, kwamba zinaingia kifuani. Ukishaitwa hivyo, mume wangu atapata kitanda. Sikuja kudai kitu kingine. Nataka Tamimu apumue."

"Lakini Bi. Somoe, unga ule ulipita chekeche. Nilishika chekeche mwenyewe."

"Umepita chekeche, ukapita pua, ukapita koo. Kifua haukupita. Umebaki." Akanitazama usoni. "Na nyinyi si ndio mnasema kinachobaki ni uchafu?"

Mtumishi wa serikali asiye na jibu hutoa miadi, nami nikampa miadi ya mbali kadiri nilivyoweza.

Habari zikafika juu kwamba kuna mwanamke anaona vitu visivyoonekana. Kesho yake maafisa wawili wa usalama walihamia kwenye kibanda cha bagia, wamevaa miwani myeusi, wakala na kuchunguza. Waliwauliza majirani: anaona kwa kutumia nini? Ana darubini? Nani kampa? Kwa nini mumewe anakohoa kwa sauti hivyo, kwani anamwashiria nani? Taarifa yao ilisema kwamba Bi. Somoe ama ni mchawi, ama ametumwa na nchi jirani, na kwamba bagia zake zimekolea pilipili.

*

Kongamano la Kitaifa la Kufafanua Udogo halikuitishwa kwa sababu ya Bi. Somoe, msije mkafikiri hivyo. Liliitishwa kwa sababu wanunuzi wa ng'ambo waliuliza swali. Walitaka kujua kama Nuru ni unga wa punje ndogo, kwa kuwa huko kwao unga wa namna hiyo una masharti yake: lazima uangaliwe, na anayeushika afunikwe pua. Serikali ikajibu kwamba haiwezi kusema kama ni mdogo kabla haijajua udogo ni nini.

Tulikutana kwenye hoteli ya kilimani, mbali na Mikoroshini, madirisha yamefungwa. Chakula kilitoka kwa Mwekezaji. Kulikuwa na Kamati Kuu na Kamati Ndogo ya Udogo, na Kamati Ndogo ilikuwa na wajumbe wengi hata ikabidi wakae ukumbi mkubwa. Mjumbe mmoja alisema kidogo ni kile ambacho mtoto akigawiwa analia. Mwingine alisema kidogo ni hali ya moyo. Mjumbe wa Idara ya Barabara akasimama akasema kitu kidogo yeye anakifahamu vizuri sana na yuko tayari kukipokea hapo hapo; akaelezwa kwamba leo hatuzungumzii hicho, akakaa amenuna.

Profesa Zimbwe ndiye aliyetuletea fujo. Alikuwa amesoma, na kusoma kulimponyoka. "Wenzetu duniani," alisema, "wanahesabu punje. Zaidi ya nusu ya punje zikiwa chini ya kipimo fulani, basi unga wote unahesabiwa ni wa punje ndogo. Na ukihesabu Nuru kwa idadi..."

"Kwa idadi?" Waziri akadakia. Akasimama, na kiti kikasimama naye, akakibandua. "Waheshimiwa, tukianza kuhesabu kwa idadi, nchi hii imekwisha! Kwa idadi, wanaolala na njaa ni wengi. Tuseme hii ni nchi ya njaa? Kwa idadi, walionipigia mimi kura ni wachache. Tuseme sikushinda? Hapana! Nchi hupimwa kwa uzito! Niwekeni mimi upande mmoja wa mizani, wekeni upande wa pili wapiga kura wawili wenye njaa, muone nani anashuka. Hiyo ndiyo demokrasia yetu, na tuliipigania!"

Ukumbi mzima ukasimama kupiga makofi, isipokuwa waliokuwa na mapaja ya kuku mikononi, ambao walipiga meza. Profesa naye akapiga makofi, kwa nguvu kuliko wote. Ufafanuzi ukapitishwa pale pale: kitu ni cha punje ndogo pale tu ambapo zaidi ya nusu ya uzito wake ni punje ndogo.

Hapo Mwekezaji akainama, akatoa jiwe chini ya kiti chake. Jiwe kubwa, la kuviringana, limeoshwa. Akaliweka ndani ya gunia la Nuru lililokuwa mbele yetu na kutuuliza kwa upole, "Waheshimiwa, sasa zaidi ya nusu ya uzito wa gunia hili ni nini?"

"Jiwe," tukajibu.

"Basi gunia hili ni la nini?"

"La jiwe!"

"Na jiwe lina punje ndogo?"

"Halina!"

Ikabaki shida moja, kwamba jiwe halipiti chekeche. Waziri akaimaliza papo hapo: jiwe litolewe wakati wa kuchekecha, lirudishwe wakati wa kupima, litolewe tena wakati wa kuuza. Kazi ya kulitoa na kulirudisha nikapewa mimi, na cheo kikaongezwa, Mtikisaji wa Chekeche na Mshika Jiwe. Magunia yalikuwa mengi lakini jiwe lilikuwa moja, likitoka gunia hili na kuingia lile. Gunia likichekechwa, ni safi. Likipimwa, ni jiwe. Likifika sokoni, ni Nuru.

Mimi si mtu wa kushuku. Nilijiuliza tu Mwekezaji alijuaje kwamba atahitaji jiwe, kabla ufafanuzi wenyewe haujapatikana.

*

Miadi ya Bi. Somoe ikafika, safari hii ukumbini, mbele ya Waziri na Profesa. Alikuja na Tamimu mwenyewe, amemshika kiunoni, maana bega la yule bwana halikuwa tena na kitu cha kushika. Nilikumbuka nilivyosikia kwamba alikuwa anaimba. Sasa alipumua kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliotoboka.

Kabla hajakaa, afisa mmoja akamwelekeza Tamimu apande kwenye mizani.

"Ya nini?" Bi. Somoe akauliza.

"Utaratibu tu, mama."

Akapanda, wakaandika, akashuka. Mwekezaji aliingia na kioo chake, kimebebwa na vijana wawili wakitembea mbele yake. Waziri akaweka leso puani.

"Bwana Tamimu," akasema kutoka ndani ya leso, "unadai una nini kifuani?"

"Nuru, Mheshimiwa."

"Umeiona?"

"Nimeivuta."

"Sikukuuliza umevuta nini. Wavutaji tunao wengi. Nimeuliza, umeiona?"

"Mheshimiwa," Bi. Somoe akaingilia, "njoo usimame pale chumbani mwao na hiyo leso uiache mlangoni. Utaiona."

Waziri alikohoa kidogo, kikohozi cha heshima, akamgeukia Mwekezaji. Mwekezaji akasogeza mdomo kwenye tundu la kioo.

"Mimi ni mtu wa amani," alisema. "Nina jambo moja dogo. Kama Nuru haimo kifuani mwa huyu bwana, basi ni mzima, arudi kazini leo. Kama imo, basi ni mali ya kiwanda, na ametoka nayo getini bila karatasi ya kutolea mali. Achague mwenyewe."

"Achague nini?" Bi. Somoe akapaza sauti. "Achague kufa au kuitwa mwizi?"

"Hii ni nchi huru," Waziri akasema. "Mwananchi anachagua."

Tamimu akacheka. Kicheko kikageuka kikohozi, kikohozi kikamkunja hadi mkewe akamfuta mdomo kwa ncha ya khanga, na khanga ikang'aa. Alipopata pumzi alisema taratibu, neno moja moja.

"Basi mimi ni mwizi, Mheshimiwa. Nakiri. Nimeiba. Sasa njooni mchukue mali yenu. Itoeni humu kifuani. Yote, msiniachie hata punje."

Hata vijana walioshika kioo walitazama chini. Mimi nililengwalengwa na machozi, nalisema hili kwa kuwa machozi hayamo kwenye kanuni za utumishi, ama ya kuruhusiwa ama ya kukatazwa.

Profesa ndiye aliyewaokoa wakubwa. Akapendekeza kifua cha Tamimu kipimwe kisheria. Nikaamriwa nilishike Chekeche la Taifa mbele ya mdomo wake, naye akohoe. Akakohoa. Alichokohoa kikapita.

"Kifua hiki ni safi," Profesa akatangaza. "Safi kupita kiasi."

Lakini juu ya wavu kilikuwa kimebaki kitone cha damu. Nikakionyesha kwa kidole. Waziri akakitazama, kisha akatazama dari.

"Kilichobaki ni uchafu," alisema, "na uchafu huo ni wake mwenyewe, si wa kiwanda. Arudi kazini."

*

Tamimu alifia chumba kile kile cha kufungashia, ameegemea gunia. Walimtoa akiwa mweupe kichwa hadi miguu, na waoshaji walibadilisha maji hata wakachoka, bado anang'aa. Watu wa Mikoroshini walimzika. Nami nilienda, nikasimama nyuma, na nilipoinua mkono wa dua sikuwa na la kuomba ambalo halingeniletea matatizo kazini.

Bi. Somoe hakulia pale makaburini. Alikuwa amekwisha kusema nyumbani, mbele ya wanawake wote, kwamba akitoka matanga ataenda kila ofisi mpaka iandikwe kilichomuua mume wake. Mikoroshini ni mtaa wa masikio mengi. Ahadi ile ilifika Wizarani kabla ya jeneza kufika makaburini.

Tulikuwa tunamalizia udongo gari la Wizara lilipoingia. Lilibeba jiwe. Si lile langu la duara. Hili lilikuwa limechongwa, refu, pana, zito hata gari lilipinda nyuma. Afisa akashuka amevaa suti.

"Serikali imekuja kutoa heshima zake za mwisho," akasema.

Watu wakaguswa. Wengine walisema afadhali, angalau wamekumbuka. Vijana wakasaidia kulishusha, wakalilaza juu ya kaburi, likafunika kila kitu. Afisa akapangusa mikono, akafungua karatasi na kusoma kwa sauti ya taarifa ya habari:

"Kwa mujibu wa ufafanuzi uliopitishwa, mahali hapa zaidi ya nusu ya uzito wa kilichopo ni jiwe. Kwa hiyo hapa hapana kaburi, pana jiwe. Kwa kuwa hapana kaburi, hakuna marehemu. Kwa kuwa hakuna marehemu, unga wa Nuru haujaua mtu. Mfanyakazi Tamimu, ambaye hajaonekana kazini, ni mtoro. Yeyote atakayemwona atoe taarifa kituo cha polisi kilicho karibu."

Watu hawakuelewa mara moja. Bi. Somoe ndiye aliyeelewa kwanza. Akatembea mpaka mbele ya yule afisa, akainua mkono kama mtoto darasani.

"Mimi nimemwona," akasema. "Yuko chini ya jiwe lenu. Mkamateni."

Afisa akakunja karatasi na kurudi garini. Bi. Somoe akakaa juu ya ukingo wa jiwe, sasa akilia, akilipiga kwa kiganja kama mtu anayegonga mlango. Nilisogea nimpe pole. Akanikata kauli.

"Kaka, wewe ndiye mshika mawe. Niambie. Jiwe likiwa jepesi kuliko marehemu, sheria yao haifanyi kazi, siyo?"

"Ndiyo."

"Na hili limekuja limechongwa tayari, lina uzito wake barabara. Walimpima lini?"

Nikakumbuka mizani ile ya ukumbini, na afisa akisema utaratibu tu. Bi. Somoe naye alikuwa amekumbuka, ndiyo maana aliuliza.

"Walimpima akiwa hai," akasema. "Ananisikiliza, anapumua, wameshaagiza jiwe."

*

Tangu hapo mambo yanaenda vizuri. Kiwanda kimeongeza jengo. Waziri amepewa nishani, ameivaa juu ya leso. Bi. Somoe anaenda kila ofisi kama alivyoahidi, na kila ofisi inampa miadi. Kibandani kwake watu wanakuja na mashuka yao, wanayakunjua wanalinganisha, na wale maafisa wawili wa miwani wanachunguza kwa mbali kidogo, kwa sababu mmoja wao ameanza kukohoa.

Wizara imetangaza pia kwamba watumishi wote wa Chekeche tutapata sare mpya. Tulipanga foleni tukapimwa. Nilidhani sare hupimwa kwa futi ya fundi, begani na kiunoni, lakini sisi tulipandishwa kwenye mizani. Mimi, kama mnavyojua, si mtu wa kushuku. Nikapanda, wakaandika, nikashuka.

Mke wangu akifua leso zangu ameniuliza kwa nini zinang'aa. Nikamwambia ni sabuni mpya. Nilichukua leso moja nikaenda nayo kazini, nikaikung'uta juu ya Chekeche la Taifa wakati hakuna mtu. Kilichotoka kikapita chote. Nilifurahi, maana yake mimi ni safi. Nilifurahi hivyo mpaka jioni.

Sare bado hazijafika. Lakini leo asubuhi gari la Wizara lilisimama mbele ya nyumba yangu, likashusha jiwe. Dereva alisema ni la tahadhari tu, nitie saini ya kupokea. Limechongwa vizuri, siwezi kulalamika. Ubavuni wameandika uzito wake kwa chaki. Nikaenda mpaka duka la jirani, nikapanda mizani ya magunia ya sembe. Limenizidi.

Naogopa. Nimekaa juu yake ninaandika haya, na mke wangu amesimama mlangoni. Bi. Somoe amepita na beseni lake la bagia kichwani. Alipoliona jiwe akasimama, akalitua beseni chini, akaja akakaa karibu yangu. Alinitazama, si kwa hasira.

"Haya, kaka mtikisaji," akasema. "Na sasa je? Unashuku?"

Nikafungua mdomo nimjibu, kikohozi kikanitangulia.